Kabla Hujapiga Windows

Shemeji yangu ana steshenari pale Mwanga, Kigoma. Anachapa barua, anatoa kopi, anawajazia vijana maombi ya mkopo, anaprinti ripoti za wanachuo. Kwa miezi kadhaa kompyuta yake ya mezani ilikuwa na ugonjwa mmoja: akiizima, kioo kinakuwa cheusi, lakini feni inaendelea kuvuma na taa ya mbele haizimi. Anasubiri dakika kumi, kumi na tano, giza linaingia. Mwisho anachomoa waya ukutani, anafunga duka, anakwenda zake.

Sipendi kabisa huku kuchomoa waya. Ila kinachoniuma zaidi ni tabia ya mafundi wetu. Alipoipeleka, fundi hakuuliza hata swali moja. "Hii ni kupiga Windows tu, dada." Yaani kuifuta Windows yote na kuiweka upya. Kompyuta nzito, piga Windows. Haitoi sauti, piga Windows. Haizimi, piga Windows. Mtu anarudishiwa mashine safi, kazi zake za mwaka mzima zimefutwa, na ugonjwa unarudi wiki ya pili kwa sababu hakuna aliyeutafuta.

Nilimwomba aniachie jioni moja. Kwanza nikafungua Task Manager, kidirisha cha Windows kinachoonyesha mashine inafanya nini, upande wa prosesa, nikatazama muda ambao mashine imekuwa hewani. Siku 11. Mashine inayozimwa kila jioni! Hapo nikapata pa kuanzia.

Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, ukibonyeza "Shut down" kompyuta nyingi hazizimi kama tunavyodhani. Programu zako zinafungwa, lakini kiini cha Windows pamoja na draiva zake, yaani programu ndogo zinazoendesha vifaa, kinanakiliwa kwenye diski kama kilivyo, ili asubuhi kiamshwe badala ya kuanza upya. Ndiyo maana inawaka haraka. Lakini draiva moja ikigoma kulala, ya printa kuukuu au ya kadi ya mtandao, mashine inakwama mlangoni: kioo kimezima, umeme bado upo. Na kwa kuwa kesho yake inaamshwa kutoka kwenye nakala ileile, hitilafu ya leo inaamka nayo. "Restart" haifanyi hivyo, yenyewe huanza upya kabisa. Wengi hudhani ni kinyume chake.

Nikashikilia kitufe cha Shift, nikabonyeza "Shut down". Ukifanya hivyo inazima kwelikweli, bila kunakili chochote. Feni ikasimama ndani ya sekunde chache. Shemeji akanitazama kama nimefanya mazingaombwe.

Basi nikaiwasha tena, nikafungua kile kidirisha cheusi cha amri kwa ruhusa ya msimamizi, nikaandika powercfg /h off. Mstari mmoja tu. Ule usingizi ukaondoka, na faili kubwa lililokuwa likiuhifadhi likafutika, gigabaiti kadhaa zikarudi kwenye diski. Sasa asubuhi inachelewa kuwaka kidogo. Acha ichelewe.

Ingekataa hata kwa Shift, ningechomoa kila kilichochomekwa kwenye USB nijaribu tena, kisha ningeingia kwenye BIOS, ile programu ya mazabodi inayowaka kabla ya Windows, na kubonyeza kitufe cha kuwashia mara moja. Mle ndani Windows haipo, na kompyuta nyingi huzima papo hapo. Ikizima pale lakini ikakataa ukiwa ndani ya Windows, tatizo ni programu. Ikikataa hata pale, usimlipe mtu kupiga Windows: tazama swichi ya mbele kama imenasa, tazama pawa saplai inayogawa umeme, tazama mazabodi, ile bodi kuu, kama kuna kapasita, vile vikopo vidogo vya kuhifadhi chaji, zilizovimba juu. Kipimo hiki ni cha dakika mbili na hakina gharama. Fundi anayeruka hatua hii anakula hela ya bure.

Na kuchomoa waya kulishaleta hasara. Siku moja alichomoa waya huku taa ya diski ikiwa bado inapepesa, yaani mashine ilikuwa inaandika. Kesho yake ripoti ya mafunzo kwa vitendo ya kijana mmoja haikufunguka. Kurasa saba. Shemeji alizichapa upya usiku kucha bila kumtoza, na kijana alizipeleka chuoni akiwa amechelewa.

Jioni ile kabla hatujafunga, akaizima mwenyewe, kwa njia ya kawaida. Feni ikasimama, taa ya mbele ikazima. Akainama nyuma ya boksi, akaona kitaa cha kijani bado kinawaka kwenye tundu la waya wa mtandao.

"Shemeji, mbona hii bado?"

Hicho ni cha kawaida. Kompyuta hizi, tangu muundo wa ATX wa mwaka 1995, hubakiza volti 5 za akiba muda wote zikiwa zimechomekwa, ili kitufe cha mbele kipate nguvu ya kuziamsha. Zile za kabla yake zilikuwa na swichi iliyokata umeme moja kwa moja, ndiyo maana Windows 95 ilikuwa ikikuandikia kwamba sasa unaweza kuzima salama.

Nikamwambia masika haya na radi zake, kuchomoa usiku ni vizuri, lakini asubiri kwanza feni inyamaze. Akasimama pale na waya mkononi, akasikiliza kwa muda, kisha akachomoa.