Mwache mlinzi afungue mlango mwenyewe

Juzi usiku rafiki yangu kanipigia, ananiambia ameacha tiba. Vikao vinne tu, kaacha. "Mwezi mzima namlipa mtu aniulize hiyo sehemu yako inayokasirika inaogopa nini, na shida iliyonipeleka pale hajaigusa hata kwa kidole." Sikulala vizuri siku ile. Hasira yangu haikuwa kwake, ilikuwa kwetu sisi tuliomtangulia kwenye tiba hii, maana hakuna hata mmoja aliyekaa naye akamwambia kwamba huko kuulizwa-ulizwa anakoona kunamchelewesha ndo tiba yenyewe ilikuwa imeshaanza.

Naongelea tiba ya sehemu, tiba ya mazungumzo inayoona ndani ya kila mtu kuna sehemu nyingi, kila moja na sauti yake, hii iliyoanza na Richard Schwartz kule Marekani miaka ya 1980. Alikuwa mtaalamu wa tiba ya familia, anatibu watu wenye shida ya kula kupita kiasi na kujitapisha, na wagonjwa wenyewe ndo wakawa wanamwambia sehemu yangu moja inataka hivi, nyingine haitaki kabisa, akaamua kuzisikiliza kama anavyosikiliza watu wa nyumba moja waliokosana. Nikisikia mtu anasema haya ni mambo ya kigeni, au mbaya zaidi ni mapepo, inaniuma. Kila siku tunasema nafsi inanisuta. Sasa anayesuta ni nani na anayesutwa ni nani? Maneno tunayo tangu zamani, tulikuwa tu hatujakaa chini tukamuuliza huyo anayesuta ana shida gani.

Siku ya kwanza utakutana na maswali ya kawaida, unalala vipi, unatumia dawa gani, umewahi kufikiria kujidhuru, na utaambiwa siri zako zinabaki pale isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini. Baada ya hapo ndo mnaanza kutambuana na watu wako wa ndani. Kuna mameneja, wanaokufanya upange kila kitu, ukubali kila ombi, usikosee hata mara moja. Kuna wazima moto, hao wanatokea maumivu yakishawaka, ndo wanakusukuma kwenye pombe, kwenye simu mpaka saa tisa usiku, kwenye kumfokea mtu asiye na kosa. Wote hao ni walinzi. Nyuma yao wamefungiwa wadogo, waliobeba aibu na woga wa siku nyingi.

Na sisi tunataka twende moja kwa moja kwa hao wadogo, tulie, tumalize. Mimi nilipelekwa hivyo. Therapisti wangu wa kwanza, kikao cha pili tu, aliniambia nifumbe macho nirudi utotoni nimtafute mtoto aliyeumia. Nilimwona. Nililia mpaka pumzi ikawa inakata, saa ikaisha, nikaambiwa tukutane wiki ijayo. Wiki ile chakula hakikupita, nikawa nashtuka usiku, nagombana na kila anayenisemesha, naona nimeharibika kuliko nilivyoenda. Baadaye sana ndo nikaelewa kwamba walinzi wangu walikuwa wamevunjiwa mlango, na mlinzi aliyevunjiwa mlango anarudi zamu na silaha zaidi.

Therapisti wa pili hakuwa na haraka kabisa. Nilikuwa nakaa pale mkoba mapajani, mkanda nimeuzungusha kwenye kiganja mara mbili tatu mpaka vidole vinakufa ganzi, na wala sikuwa najua kama nafanya hivyo. Kikao cha tatu akaniuliza, "huo mkono ulioshika mkanda, ukiusikiliza unasemaje?" Nikajibu bila kufikiri, "tusikae sana hapa." Akasema sawa, tumshukuru kwa kutuambia. Akauliza tena, "na wewe unamwonaje huyo anayetaka muondoke?" Nikasema ananichosha, simtaki. Akatulia kidogo, akasema basi na huyo asiyemtaka mwenzake naye ni sehemu, tumwombe asogee pembeni kidogo kama yuko tayari. Akasogea kweli. Kifua kililegea, nikajikuta nataka tu kumjua huyu wa mkoba, bila chuki. Hiyo hali ya kutulia na kutaka kujua ndo Schwartz anaiita Nafsi, na kazi kubwa ya therapisti ni kukungoja uifikie kabla hamjapiga hatua nyingine. Swali la mwisho siku ile lilikuwa, "anadhani una miaka mingapi?" Jibu likaja lenyewe: tisa. Yaani miaka yote hiyo kuna mtu ndani yangu ameshika mkanda akimlinda mtoto wa miaka tisa, hana habari kwamba nimekua, nina funguo zangu, na naweza kunyanyuka nikaondoka popote.

Ilipita miezi ndo huyo mlinzi wa mkoba akaturuhusu kumfikia yule mtoto. Ruhusa ilipotoka, kutua mzigo kwenyewe, yaani mtoto kuiachia ile aibu na woga aliobeba, kulichukua kikao kimoja na kipande cha kingine, nililia ndiyo, ila nilikuwa napumua.

Suala la pesa nalijua, na lina haki. Kwa therapisti binafsi unalipa mwenyewe saa kwa saa, kikao kisichokuwa na machozi unaona umetupa hela. Lakini hiyo haraka nayo ni meneja, ipeleke kwenye kikao uiseme. Na mwambie mapema unaweza kulipia vikao vingapi, asije akafungua kitu ambacho hamtakuwa na muda wa kukifunga.

Wanaosema ushahidi wake bado mdogo, haya, nakubali, ni mdogo ukilinganisha na tiba nyingine. Kuna utafiti uliochapishwa 2013 wa wagonjwa 79 wa baridi yabisi, waliopewa tiba hii walipungukiwa maumivu na dalili za sonona kuliko waliopewa elimu ya ugonjwa wao tu, ni kitu, ila utafiti mmoja wa watu 79 haufungi mjadala. Ndo maana muulize therapisti amesomea wapi, ana leseni ya tiba kwa ujumla au kahudhuria tu mafunzo ya wikendi. Picha itakayokujia ukiwa umefumba macho usiibebe kama ushahidi wa jambo lililotokea, na therapisti akianza kukuwekea picha hizo mdomoni, ondoka. Kama unasikia sauti zinatoka nje yako, sema hilo kabla ya yote, na dawa usiache. Na usipange mkutano wowote mara baada ya kikao, utatoka umechoka kama uliyebeba magunia.

Rafiki yangu nilimwambia arudi mara moja tu, aende akaseme wazi kwamba kuna sehemu yake imekasirika inataka kuacha. Therapisti akinuna au akianza kujitetea, aondoke na asigeuke nyuma. Akasema atafikiria. Nikamuuliza, anayesema atafikiria ni yupi kati yao? Alikaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani simu imekatika. Halafu akasema, taratibu, "ni yule anayeogopa kulia mbele ya mtu."