Taco za Nyali na mimi mtalii wa Majengo

Mie sina neno na mtu anayetaka kula chakula cha nchi za watu, ale tu, tumbo lake. Nnachokataa ni hii tabia iliyoingia Mombasa siku hizi, kwamba ukitaka kuonana na wenzako mliokulia mtaa mmoja Majengo mkicheza mpira wa makaratasi, ni lazima mkaonane Nyali kwa wenye pesa, kwenye mkahawa wenye taa za kuning'inia na viti virefu vya kufanya miguu ibembee. Kwani baraza zimekosa nini jamani? Kahawa chungu na kashata ziko, kukaa ni bure na upepo wa bahari hautozwi kodi.

Sasa kwenye grupu yetu kuna binamu yangu, huyu ndo waziri wetu wa mambo ya nje. Kitu kikitokea TikTok asubuhi, jioni yeye keshapanga twende. Akaandika "wazee Ijumaa tunakwenda kupiga taco". Bwana Harusi (tunamwita hivyo mpaka leo na watoto wake wanasoma madrasa) akauliza taco ndo nini, akajibiwa "we njoo tu" (kumbe ni kichapati cha mahindi cha Mexico, kimekunjwa na nyama ndani). Yakhe, mtu akikwambia we njoo tu, jua kuna pesa zako zinatafutwa.

Safari yenyewe haina maana ya kuieleza, Ijumaa jioni daraja la Nyali mnalijua. Ila huyu wa tuktuk! Nimemwambia Nyali akataka mia nne. Ningesema Kongowea, daraja ni hilohilo na vumbi ni lilelile, angesema mia mbili na shukrani juu.

Kufika mlangoni tukaambiwa tungoje, meza haziko. Nachungulia ndani naona meza tupu kila upande, ati hizo zina wenyewe. Wenyewe wako wapi? Binamu akasema acha ushamba, hiyo ndo staili. Hafu tukakalishwa chini ya AC inayopuliza moja kwa moja shingoni, na shati langu limelowa jasho la kisiwani, nikaanza kupiga chafya kabla pilipili haijaletwa.

Menyu ya karatasi hakuna, kuna kile kimraba cheusi cha madoadoa kimegandishwa mezani, unakimulika na simu. Simu yangu kamera yake inaona ukungu tu, nikamwambia weita, mwanangu hebu nisomee wewe. Kijana mpole kweli, yeye hamo kabisa kwenye lawama zangu. Kabla hajafungua mdomo mwenzetu Baharia akamkatiza, "nyama zenu halali?" Akasema kuna kuku, ng'ombe na samaki, basi tukapumua.

Huyu Baharia ndo aliyetuharibia usiku, kwa sababu yeye Mexico anaijua. Meli yao iliwahi kutia nanga Veracruz. Kila kinachokuja mezani yeye ana ripoti. Akatwambia kule taco yenye jina ni al pastor, nyama ya nguruwe inazungushwa kwenye chuma kirefu mbele ya moto, juu wamebandika nanasi, na huo ufundi waliupeleka wahamiaji wa Lebanoni. Kwao ilikuwa shawarma ya kondoo, Wamexico wakabadilisha nyama tu. Nikasema alaa, kumbe sie tunaokula shawarma usiku mjini tumeshafika nusu ya njia ya Mexico zamani, na bila kupigwa na AC!

Taco zikaja juu ya ubao. Sahani hakuna, ubao, ule wa kukatia vitunguu. Tatu, kila moja kama kiganja cha mtoto wa chekechea, shilingi 1,350. Nikamuuliza weita hizi ni za kuonja, akacheka, kumbe alidhani natania. Nanyoosha mkono, binamu akanipiga kofi la mkono, "usiguse!" Picha. Akapiga kwa juu, akapiga kwa ubavu, akahamisha ndimu ikae upande wa taa, akamwambia Bwana Harusi atoe kiwiko. Sie wengine tumekaa tunaangalia nyama ikipoa, mtu hata bismillahi keshaisema.

Sasa nikaifunua nione kilichomo. Vijinyama vya kuhesabika, hafu nyanya, kitunguu, dania, pilipili mbichi, ndimu. Nikawatazama wenzangu. Hii si kachumbari hii? Mamangu kaikata miaka yote kuwekea pilau, hajatoza mtu service. Na mahindi ya hiyo chapati yake, wallahi hapa ndo nilipopandwa na hasira. Mahindi kwao ni Mexico sawa, pilipili pia kwao ni huko Amerika, vikavuka bahari enzi za Wareno, haohao walioanza kutujengea Fort Jesus 1593. Tukayapokea mahindi, tukayasonga sima, tukayachoma barabarani, tumelea vizazi na vizazi, leo nauziwa tena na naelezwa na binamu yangu namna ya kuyashika!

Bwana Harusi yeye aliomba uma na kisu. Alipoikandamiza tu ile taco ikalia ka! ikasambaa, kipande kikaenda meza ya pili kwa akina dada waliokuwa wanajirekodi. Baharia akatikisa kichwa, akasema hizi ngumungumu ni za Kimarekani, huko Mexico chapati yake ni laini, mahindi yanachemshwa na chokaa kwanza mpaka ganda litoke ndo yasagwe. Chokaa! Binamu aliacha kutafuna. Nikamwambia tafuna tu, bibi yetu amekula chokaa kwenye tambuu maisha yake yote na kawazika baba zako wadogo wawili. Baharia akaendelea, kule mtu anakula kando ya barabara amesimama, ndimu anakamulia mwenyewe, na mwaka 2024 kibanda kimoja cha Mexico City, El Califa de León, kikapewa nyota ya Michelin, ile tuzo kubwa ya mikahawa duniani, na hapo penyewe watu wanakula wamesimama. Sasa niambieni, wenye nyota hawana viti, hawa wetu wasio na nyota wanatubembeza juu kama kuku kwenye fito.

Lakini nisidhulumu mtu. Ile ya samaki ilikuwa tamu. Samaki kakaangwa vizuri, kabeji juu, na kuna pilipili fulani ya kuchomwa yenye harufu ya moshi, hiyo nilikomba na kidole binamu alipoangalia pembeni. Huyo mpishi nadhani ni wa kwetu. Angenipa huyo samaki na wali wa nazi tungekuwa tunaongea mengine saa hizi.

Bili ikaja ndani ya kikopo cha bati, sijui kwa nini. Soda bei ya kilo ya sukari. VAT 16%, service 10%, halafu chini kabisa tozo ya utalii 2%. Utalii! Mie mzaliwa wa Majengo nimevuka daraja moja tu nishakuwa mtalii. Binamu akasema tugawe sawa kwa sawa, yeye aliyeagiza mara ya pili. Bwana Harusi akasema yeye ile juisi hakuinywa, aliionja. Baharia akatoa chake kimyakimya akaenda kuswali Isha. Binamu akaanza kutikisa simu, ati imegoma kutuma pesa, "kakangu nilipie, nikifika nyumbani tu nakutumia".

Nyumbani kwake ni Bombolulu, hapo karibu tu, kashafika zamani sana. Mpaka leo nikimkumbusha kwenye grupu ananijibu na kile kikatuni cha taco. Jana kaongeza na cha ndimu.