Mwenye kifua akiugua moyo, anyimwe beta bloka?

Vuta salbutamol, dawa ya pumu, mara kadhaa mfululizo, kisha nyoosha mkono uangalie vidole. Vinatetemeka, na moyo unakwenda mbio. Dawa uliyoivuta kwa ajili ya njia za hewa imeshafika pasipoitwa. Hapo ndipo penye mzizi wa mabishano ya miaka mingi: mtu mwenye shida ya kupumua akiugua na moyo, apewe beta bloka, dawa za moyo zinazozuia adrenalini, au anyimwe?

Seli za moyo na za misuli ya njia za hewa zina vipokezi, protini zilizojipachika kwenye utando wa seli zikingoja adrenalini, homoni ya hali ya hatari. Mwaka 1948 Mmarekani Raymond Ahlquist alivigawa makundi mawili, alfa na beta. Mwaka 1967 beta nayo ikagawanywa: beta-1 imejaa zaidi moyoni, beta-2 kwenye njia za hewa. Ajabu ni kwamba ujumbe unaopita ndani ya seli ni uleule, molekuli iitwayo cAMP, ila matokeo yanapingana. Moyoni hufungua milango ya kalsiamu, misuli ikajikaza kwa nguvu. Kwenye njia za hewa humzuia mkazaji, yaani kimeng'enya kinachoibana misuli, na njia zikatanuka. Ukikimbizwa na mbwa, unavihitaji vyote viwili kwa pamoja.

Beta bloka hukalia vipokezi hivyo. Propranolol, zao la kazi ya James Black katika miaka ya 1960, haibagui beta-1 na beta-2. Mwenye pumu akiimeza anaweza kubanwa vibaya, na akikimbilia salbutamol yake, inayofanya kazi kwa kuamsha beta-2, inakuta kiti kimeshakaliwa. Kwa hiyo wanaosema "asipewe kabisa" hawatishi watu bure. Hata matone ya timolol, yanayotiwa jichoni kwa presha ya macho, huingia kwenye damu na yamewahi kuwabana wenye pumu.

Lakini kunyima nako kuna gharama. Moyo uliochoka huchapwa na adrenalini usiku na mchana, hadi seli zake zinapunguza vipokezi. Beta bloka huupa nafasi ya kupumua. Mwaka 1999 majaribio mawili makubwa, CIBIS-II ya bisoprolol na MERIT-HF ya metoprolol, yalionyesha vifo vya wagonjwa wa moyo kushindwa kufanya kazi vikipungua kwa takribani theluthi moja. Dawa hizi mbili huelemea beta-1. Nasema huelemea, kwa sababu dozi ikipanda huanza kugusa na beta-2.

Kwangu mimi, kinachoharibu mjadala ni neno "kifua". Pumu na COPD, ule ugonjwa sugu unaoletwa na sigara au moshi wa kuni, vinatiwa kapu moja. Kwa mwenye COPD ambaye moyo wake umeshindwa, naona kumnyima bisoprolol ni kosa. Ila tusivuke mipaka: mwaka 2019 jaribio la BLOCK COPD liliwapa metoprolol wagonjwa wa COPD wasio na sababu ya kimoyo ya kuitumia. Haikuwakinga na kuzidiwa, na waliolazwa kwa kuzidiwa wakawa wengi zaidi. Ni dawa ya moyo, si ya mapafu.

Pumu ni habari nyingine. Kwa pumu kali isiyotulia, sithubutu kutetea beta bloka yoyote. Iliyotulia inajadilika, chini ya jicho la daktari.

Pasipo na kipimo cha kupuliza, maswali machache husaidia: kubanwa kulianza utotoni na huja na kuondoka, au kulianza ukubwani baada ya miaka ya moshi, na hakuondoki? Likiwa hilo la pili, na moyo unadai dawa, bisoprolol huanzwa na miligramu 1.25, kisha kifua kinasikilizwa tena kabla dozi haijapandishwa.