Thomas Muir: bingwa wa detaminanti, mkuu wa shule za Rasi

Mtaje Thomas Muir kwa watu wa hesabu, watakujibu detaminanti, ile namba moja inayokokotolewa kutoka jedwali la mraba la namba. Mtaje kwa wanaofuatilia shule za Afrika Kusini, watakujibu sheria ya shule ya 1905.

Mskoti huyu, aliyezaliwa 1844, alifundisha hesabu Glasgow hadi 1892, Cecil Rhodes, waziri mkuu wa Koloni la Rasi (sehemu ya Afrika Kusini ya leo), alipomwita Cape Town kuwa Mkuu wa Elimu wa koloni hilo. Alishika kiti hicho hadi 1915. Yumo pia miongoni mwa waliobuni jina radiani, yaani pembe ambayo tao lake lina urefu sawa na nusu kipenyo, karibu digrii 57.3.

Historia yake ya detaminanti ilitoka kwa juzuu nne, 1906 hadi 1923, na ya nyongeza 1930. Alianzia mwanahesabu Mjerumani Leibniz, 1693, akapanga makala kwa tarehe na kueleza nani alitangulia kusema nini. Detaminanti ya safu 3 ina vijenzi 6 vya kujumlisha na kutoa. Ya safu 10 ina 3,628,800, kwa hiyo kila njia ya mkato ilikuwa mali, na bila orodha watu waligundua upya yaliyokwishagunduliwa. Kuisoma kunachosha kama rejesta ya mahudhurio. Ukitaka kujua kanuni ilitoka wapi, utairudia tu.

Shuleni, tabia ileile ya kupanga ilikuta mpango uliopinda tayari. Shule za umma zilisaidiwa pauni kwa pauni: mji ukichanga 100, serikali huongeza 100. Asiye na cha kuchanga hana cha kuongezewa. Watoto weusi wengi walibaki shule za misheni, kwa ruzuku ndogo.

Sheria ya Bodi za Shule ya 1905 ilifungua njia ya kuwalazimisha watoto wa Kizungu kusoma, wengine haikuwalazimisha. Wanaomtetea husema bunge ndilo lililopitisha, yeye alikuwa mtumishi. Ni kweli, na mafunzo ya walimu yalipanuka chini yake. Ila mkuu wa idara kwa miaka 23 si karani wa kunakili, na utetezi huo naona unambeba nusu ya safari tu.

Mwaka 1911, katika kesi ya Moller dhidi ya kamati ya shule ya Keimoes, Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba maneno “asili ya Ulaya” katika sheria hiyo hayawahusu watoto wa damu mchanganyiko. Muir alikuwa bado na miaka minne ofisini.