Mashine Ije Mezani

Mwisho wa mwezi, foleni ya ATM karibu na Mnara wa Saa hapa Arusha. Mama mmoja, umri wa bibi yangu, akafungua pindo la khanga, akatoa kadi iliyoviringishwa kikaratasi, akanikabidhi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba. Hebu nitolee laki na nusu, hizo namba mimi sizioni.”

Kwenye kikaratasi, tarakimu nne kwa peni ya bluu. Nikamtolea, nikamhesabia noti kumi na tano za elfu kumi, nikamrudishia kadi na risiti. Akaniombea baraka. Jina langu hakuuliza.

Ningemcheka, ila mimi msomi niliibiwa kwa upole huohuo. Mwaka juzi nilikula hotelini na wageni, mhudumu akaipokea kadi kwa mikono miwili, akaenda nayo ndani. Akarudi baadaye sana. Sikusema kitu, kumfuata ningeonekana nimemwita mwizi mbele za watu. Wiki tatu baadaye, saa nane usiku, simu ikalia meseji: nimenunua vitu mtandaoni, katika nchi nisiyowahi kuikanyaga. Siwezi kuapa kwamba ni yule kijana. Ninachojua ni kwamba kwa manunuzi mengi ya mtandaoni namba ya siri haiulizwi: namba za mbele, tarehe ya mwisho na zile tatu za nyuma zinatosha, na picha mbili za simu zinazibeba zote.

Ndiyo maana nasema wezi wa kadi wanakula kwenye adabu zetu. Tunaona haya kuziba kibodi kwa kiganja, eti aliye nyuma atajisikia vibaya. Mzibie! Wanaobandika kifaa bandia kwenye tundu la kadi huweka na kakamera juu ya kibodi, kwa sababu kifaa kinasoma ule utepe mweusi wa nyuma lakini hakijui namba yako ya siri. Kiganja chako kinawanyima nusu ya kazi. Na tundu likicheza ukiligusa, usiingize kadi, nenda mashine nyingine.

Chipu, kile kibati kidogo cha mbele ya kadi, ina nafuu kubwa, kwa kuwa kila muamala huutungia msimbo wake na ukiibwa haufanyi kazi tena. Utepe hurudia maneno yaleyale kama kasuku. Mastercard walitangaza mwaka 2021 kwamba utepe utakuwa umetoweka kwenye kadi zao ifikapo 2033. Ni mbali. Wangu bado upo, nimeugeuza sasa hivi nikauona.

Meseji za benki usizizime hata zikikukera. Ile ya saa nane usiku ndiyo iliyoniwezesha kufunga kadi kabla hawajarudia. Na namba ya simu ya benki iandike mahali pengine pia, maana iliyo nyuma ya kadi inaondoka na kadi.

Jumamosi iliyopita tulikuwa Njiro, nyama choma, watu sita. Bili ikaja, nikatoa kadi, kijana akanyoosha mkono. Nikasimama: “Twende wote kaunta.” Mke wangu akanifinya chini ya meza, unamwaibisha mtoto wa watu. Kijana akanitazama, akacheka.

“Kaa tu, bosi. Mashine yetu haina waya, nakuletea hapahapa. Watu hawasemi.”