Ramani ya Lugha kwa Sumaku: Thamani Iko Kwenye Sehemu Tupu

Namba moja imeiharibia jina njia ya kuchora maeneo ya lugha ubongoni kwa mipigo ya sumaku inayovuruga usemi kwa muda: asilimia 23.8. Inatoka kwenye utafiti wa Picht na wenzake wa mwaka 2013. Wagonjwa 20 wenye uvimbe ndani au karibu na maeneo ya lugha upande wa kushoto walipimwa kwanza kwa sumaku, kisha kwa umeme uliogusishwa moja kwa moja kwenye ubongo, fuvu likiwa wazi na mgonjwa akiwa macho. Kati ya sehemu ambazo umeme haukuvuruga usemi, sumaku iliziona tupu, yaani zisizo na lugha, chini ya robo. Nyingine zote ilizitia alama ya lugha.

Wanaoipinga wana hoja nzito. Katika utafiti huohuo ni asilimia 35.6 tu ya alama za sumaku zilizothibitishwa na umeme. Mpasuaji akiamini kila doa jekundu, yaani kila alama ya lugha kwenye ramani, ataacha kichwani uvimbe ambao ungeweza kutolewa.

Tatizo ni kwamba namba hiyo inajibu swali ambalo mpasuaji hakuliuliza. Yeye hatafuti makazi ya lugha. Anatafuta pa kupitisha kisu. Kwa swali hilo tunasoma namba nyingine: sumaku ilizinasa asilimia 90.2 ya sehemu ambazo umeme ulizionyesha kuwa za lugha, na iliposema sehemu ni tupu, ilipatia kwa asilimia 83.9. Kwenye eneo la Broca, sehemu ya mbele ya ubongo inayohusika na kutamka maneno, sehemu tupu zote zilithibitika kuwa tupu. Ni kweli kwamba asilimia 83.9 bado inaacha takriban sehemu moja kati ya sita ambayo ingemdanganya daktari, na kwa sababu hiyo hakuna anayepaswa kukata kwa kutegemea sumaku peke yake. Lakini kujua kabla ya siku ya upasuaji fuvu lifunguliwe wapi, njia ipi ijaribiwe kwanza na umeme uanzie wapi si jambo dogo. Mgonjwa aliye macho mezani huchoka, na kila dakika ya kubahatisha inamla nguvu.

Kengele za uongo, yaani alama za lugha pasipo na lugha, nazo zina chanzo chake, na sehemu kubwa iko mikononi mwetu tunaopima. Picha ya MRI, inayoonyesha ubongo ndani ya fuvu, huoanishwa na kichwa cha mgonjwa kwa kamera, ili koili yenye umbo la 8, kifaa kinachotoa mipigo ya sumaku, ielekezwe penyewe. Nguvu hupimwa kwenye msuli mdogo wa mkono: kiwango cha chini kinachoutikisa ndicho asilimia 100. Kisha mgonjwa hutaja majina ya picha mara mbili bila sumaku, na kila picha aliyoikosea au kuisitia huondolewa. Anayesema tembo na anayesema ndovu wote wako sahihi, ila ashike jina moja. Akihama katikati ya kipimo hutajua kama ni sumaku au ni mazoea. Baada ya hapo kwa kawaida picha huonekana kwa sekunde 0.7, mpya kila baada ya sekunde 2.5, na mipigo 5 kwa kasi ya 5 kwa sekunde huanza papo hapo picha inapotokea. Sehemu 46 kwa kila upande wa ubongo, kila moja mara 3.

Makosa huhesabiwa baadaye kwenye video, na hapo ndipo ramani hupona au huharibika. Mtu ameona kisu akasema "uma": neno limepotea, jirani yake limekuja. Amesema "kusi": sauti zimepinduka. Amenyamaza kabisa: hilo ni zito zaidi. Lakini je, amechelewa kidogo, kisha akasema "kisu" vizuri? Mipigo karibu na panja hukaza msuli wa hapo, taya likabana, na inauma. Kuchelewa kwa namna hiyo si kwa lugha, ilhali wengi wamekuwa wakikuhesabu kuwa kosa. Na koili ikiinama, nguvu inayofika ubongoni hupungua na sehemu yenye lugha huonekana tupu. Kosa hilo ni hatari zaidi.

Kosa moja kati ya majaribio matatu likitosha kupaka rangi, nusu ya ubongo itakuwa nyekundu. Ukidai mawili kati ya matatu, ramani inakonda, ingawa unajiongezea hatari ya kukosa sehemu ya kweli. Mwaka huohuo wa 2013, Tarapore na wenzake walipima wagonjwa 12 kwa sumaku, nayo ikakubaliana na umeme kuhusu asilimia 98 ya sehemu tupu, huku ikinasa asilimia 90 ya zile za lugha. Kutoka 23.8 hadi 98 ni pengo ambalo siwezi kuliweka mlangoni kwa sumaku yenyewe. Naliona zaidi kwenye namna ya kupima na ya kuhesabu.

MRI ya kazi, inayopiga picha ya ubongo ukiwa unafanya kazi na ambayo wengi huikimbilia badala yake, huonyesha sehemu zinazoshiriki kwenye lugha bila kusema zipi zikiondolewa lugha itakufa, na karibu na uvimbe mtiririko wa damu inaoutegemea huvurugika. Sumaku walau inaizima sehemu kwa muda na kutuonyesha kinachokosekana.

Kwa hiyo ripoti inayomfikia mpasuaji isiwe na madoa mekundu matupu. Iseme kila sehemu ilikosewa mara ngapi kati ya ngapi, itenge ukimya na maneno yaliyopotea mbali na kusitasita, na iandike ni wapi maumivu yalilazimisha nguvu kupunguzwa. Sehemu hizo za mwisho zisihesabiwe kuwa tupu.