Ukinunua ramani hujapata msanifu

Tafuta Instagram ramani ya vyumba vitatu, kimoja masta, utaletewa nyingi hadi uchanganyikiwe. Karibu zote zina paa la kujificha, taa za manjano barazani na gari jeupe limeegeshwa mbele. Kwa laki chache unatumiwa ramani kwenye WhatsApp, unaichapisha, unamkabidhi fundi, mnaanza kupima msingi. Mtu wa namna hii ukimshauri atafute msanifu majengo aliyesajiliwa, atakuuliza swali la haki kabisa: huyo atanipa nini ambacho sina?

Wasanifu wengi hulijibu kwa kutisha. Watakutajia Mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya Dar es Salaam, ambako ghorofa lilianguka Machi 2013 na kuua watu 36. Msiba ule ulikuwa mkubwa, lakini anayejenga nyumba ya chini Chanika hajioni humo, na sioni kwa nini ajione. Tena kisa chenyewe hakiwasaidii sana wenye kuuza michoro. Jengo lile lilikuwa na kibali cha ghorofa 10. Lilipoanguka lilikuwa limefika 16. Karatasi ilikuwepo. Hakukuwa na mtu wa kusimama saiti akasema mwisho hapa, akasikilizwa.

Ndiyo maana naona ubishi wetu umekaa mahali pasipo pake. Tunabishana kuhusu michoro, nani auze na kwa bei gani, wakati kazi ya msanifu yenye faida kubwa kwa mteja iko kabla ya mchoro na baada yake.

Ramani ya mtandaoni haikijui kiwanja chako. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo ukuta mrefu unaotazama magharibi hupigwa jua kuanzia saa nane mchana hadi linapozama, na usiku tofali huutoa ule moto chumbani. Msanifu hupenda upande mrefu wa nyumba utazame kaskazini na kusini, vyumba vya kulala vipate kusi inayovuma katikati ya mwaka na kaskazi ya Desemba hadi Machi, upande wa magharibi akusanye stoo na vyoo. Aliyenunua ramani huigeuza itazame barabara, basi. Gharama yake huja baadaye, kidogo kidogo, kwenye luku ya feni na kiyoyozi.

Halafu mteremko. Ramani iliyochorwa kwa ardhi tambarare ukiilaza kwenye kiwanja cha Goba au Kimara, msingi wa upande wa chini unaweza kupita kimo cha mtu. Unajaza kifusi, unashindilia, na pesa uliyoiwekea boma, yaani kuta kabla ya paa, inaishia ardhini. Aliyekikanyaga kiwanja kabla ya kuchora angeishusha sakafu ya sebule kwa ngazi chache, au angekitumia kimo kile kupata chumba cha kupangisha. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, atakutaka umwite mhandisi kabla hujanunua hata mfuko mmoja wa saruji. Ni ushauri usiopendeza kwa sababu hauna picha ya kuwaonyesha ndugu.

Upande wa pili, wa wanaomtegemea fundi peke yake, nao una hoja, na wasanifu hawapendi kuzisikia. Fundi yupo saiti kila siku. Anajua mchanga wa wapi una chumvi, anakubali kulipwa kwa awamu, na akiharibu unajua anapokaa. Msanifu anadai ada yake, mara nyingi kwa asilimia ya gharama ya jengo, mpango ambao mimi siupendi: mtu anayelipwa zaidi kadiri nyumba inavyogharimu zaidi hana sababu ya kifedha ya kukubania matumizi. Wapo pia wanaokabidhi michoro na mhuri halafu hawaonekani tena, huku fundi akibaki na makaratasi ambayo hakuna aliyemsomea. Msanifu wa hivyo ni muuza ramani mwenye bei kubwa.

Hata wasanifu waaminifu wana tatizo ambalo hawakulianzisha. Hatua za kazi walizofundishwa hazitofautiani sana na zile ambazo RIBA, chama cha wasanifu cha Uingereza, ilizipanga mwaka 1963: kumsikiliza mteja, mchoro wa awali, michoro kamili, zabuni, usimamizi, makabidhiano. Mfumo huo unachukulia kwamba pesa ipo, mkandarasi ni mmoja, na kazi ikianza itaisha. Hapo msanifu hukagua na kutoa cheti cha malipo, sehemu ya fedha huzuiliwa hadi kasoro zirekebishwe, na kila mtu anajua mipaka yake. Mtumishi anayejenga Kibaha kwa mshahara hayumo humo. Msingi mwaka huu, boma akipata mkopo wa kikundi, kupaua akilipwa malimbikizo. Vifaa ananunua mwenyewe, na fundi aliyeanza si lazima awe atakayemaliza.

Swali la kwanza la msanifu kwa mteja wa namna hii ni pesa: zitakuja kwa mkupuo au kwa vipande? Kama ni vipande, nyumba inatakiwa kuchorwa kwa vipande. Vyumba viwili, jiko na choo vipauliwe kwanza familia ihamie iache kulipa kodi, sebule kubwa ifuate, bila kubomoa ukuta wala kuhamisha karo la maji machafu. Nondo zinazoachwa zimesimama juu kusubiri ghorofa ya siku za usoni hushika kutu. Msanifu atakuuliza kama ghorofa hiyo unaitaka kweli au ni ndoto tu.

Kwa upande wa usimamizi, naona njia ya katikati: mteja amlipe msanifu aje siku zile tu ambazo kitu kinakaribia kufunikwa. Nondo za msingi kabla ya zege, lenta kabla ya kumwagwa, mbao za paa kabla ya bati, mabomba na nyaya kabla ya plasta. Kwa nyumba ya chini hizo ni safari chache, na ndizo zinazogusa makosa ambayo baadaye hurekebishwa kwa nyundo. Kwa aliyeko Muscat au Leeds anayemtumia ndugu yake pesa, jicho hilo lina thamani zaidi, maana ndugu ni vigumu kumkagua bila kuleta ugomvi wa ukoo.

Msanifu atapinga, na pingamizi lake lina uzito. Akija Jumatatu kukagua nondo, hawezi kujua kama Alhamisi fundi alipunguza saruji, wala kama zege lilimwagiliwa maji siku saba. Siku ya ufa ataulizwa yeye kwa sababu jina lake liko kwenye mchoro. Suluhisho lake ni makubaliano ya maandishi yanayotaja kila ukaguzi, bei yake, na nani anabeba kilichofanyika katikati bila yeye kuitwa. Yaandikwe pia kwamba fundi hafuniki kitu kabla hajatuma picha, na kwamba kazi ikisimama mwaka mzima, msanifu anakuja kuangalia hali ya boma, kwa malipo, kabla ya tofali jingine kuwekwa. Hicho cha mwisho ndicho wateja hukataa kulipia, ilhali boma lililopigwa mvua za masika mbili bila paa si lile lililokaguliwa.